Hatua Mbili za Kete Nyeusi

Majivu ya mlima wa volkano yalikuwa yameingia hata kwenye sukari. Inspekta Pulung Tarigan alikoroga kahawa yake, akaionja, akaisukuma kando. Mbele yake, katika chumba cha vielelezo cha kituo cha polisi cha Kabanjahe, palikuwa na ubao wa sataranji. Kete zilisimama kama zilivyokutwa alasiri ya Jumanne katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa marehemu Ngukum Sembiring. Sajenti Wagiman alizipiga picha, akazitia namba, kisha akazihamisha moja moja kwa glovu. Ilikuwa kazi safi, na mpaka sasa haikuwa imezaa kitu.

"Hujalala, Bwana," alisema Wagiman.

"Nimelala kwenye kiti."

"Kamanda amepiga simu. Gari la Medan linakuja kumchukua Rakut baada ya chakula cha mchana. Anataka karatasi zako ziwe tayari."

Karatasi zilikuwa tayari tangu jana, na ndizo zilizomchosha. Zilisema kwamba Ngukum, mwenye mkahawa, alisukumwa kwa mikono miwili kifuani katika uwanja wa nyuma, akaangukia ukingo wa tangi la maji, akavunjika fuvu. Zilisema waliokimbilia uwanjani walimkuta Rakut, mkwewe, amepiga magoti juu yake, damu mikononi. Zilisema pia kwamba wawili hao waligombana wiki nzima mbele ya wateja. Rakut mwenyewe alidai alikuwa chumba cha nyuma, akasikia kishindo, akatoka mbio. Alipoulizwa alikuwa na nani humo, alifunga mdomo. Akienda Medan na mdomo huo uliofungwa, hakimu angehitaji asubuhi moja tu.

"Nieleze tena ule ugomvi," alisema Wagiman. Alikuwa Mjava, na kwao alicheza mpira. "Mtu amuue baba mkwe kwa ajili ya kete ya tembo?"

"Hukai mkahawani wewe." Tarigan aligusa hewa juu ya ubao bila kugusa kete. "Jumapili Rakut anaiwakilisha wilaya huko Medan, meza ya kwanza, kete nyeusi. Mpinzani wake huanza siku zote kwa askari wa mfalme. Rakut humjibu kwa kinga ya Karo-Kan. Baada ya hatua nne farasi mweupe anasimama katikati, na mwenye nyeusi lazima achague njia. Anaweza kumtoa tembo kwanza. Anaweza kumpitisha farasi kwa kuzunguka. Au anamrusha farasi moja kwa moja, ana kwa ana na yule mweupe. Ngukum alitoa tembo miaka arobaini. Alimwambia Rakut, ukirusha farasi usiniite baba. Rakut akamjibu kwamba tembo wake amekwisha meno."

"Na hapa?"

"Hapa amerushwa farasi. Mweupe kamla. Mfalme mweusi ametishwa, yuko kwenye shaha, na hana pa kukimbilia. Sheria inamruhusu hatua mbili tu: amle farasi huyo kwa askari wa mfalme, au ale kwa askari wa farasi. Hakuna ya tatu."

"Basi marehemu alikuwa amekubali kujaribu njia ya mkwewe."

"Marehemu angekula ubao kwanza."

Wagiman alicheka kidogo, kisha akapiga mwayo. "Siku mbili tunamtafuta yule mtu wa tatu wa Sutan, fundi wa nguo jirani, na hatumpati. Watu wote wa mkahawa ule ni viziwi. Mzee Batas peke yake ndiye aliyetusaidia. Tulipofika alikuwa ameshafagia uwanja mwenyewe, ati wanawake wa msiba wasiteleze kwenye majivu. Kamanda alimkemea, mzee wa watu akaomba radhi."

Saa ile Tarigan alikuwa Berastagi kwa kesi nyingine. Alitikisa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye picha. Kete zilizoliwa zilikuwa tatu. Askari mweusi na farasi mweusi walilala upande wa mwenye nyeupe. Askari mweupe, namba tisa, alikuwa peke yake juu ya kizingiti cha kidirisha cha jikoni, kile cha kupitishia vikombe.

"Hii namba tisa ilifikaje hapa?"

"Iliviringika, Bwana."

"Ikapanda?"

Wagiman aliinama juu ya picha.

*

Rakut aliketi na mgongo ukutani. Kando yake palikuwa na jani la mgomba lililokunjuliwa, lenye punje chache za wali.

"Umekula?"

"Nimekula, Kaka."

"Nani kaleta?"

"Kiliwekwa."

Tarigan alivuta kigoda. Alikuwa ameuliza maswali haya mara nyingi, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imeanza kumchusha.

"Nyeupe ulikuwa wewe."

"Mimi."

"Na nyeusi?"

"Mimi pia. Nilikuwa najifunza."

"Anayecheza peke yake hurundika kete zilizoliwa mahali pamoja. Zako zilikuwa pande mbili."

Rakut alitazama vidole vyake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na uwongo ulimkaa vibaya kama koti la kuazima.

"Fundi Sutan alikusikia ukisema, 'Mwambie achague.' Ulikuwa unamwambia nani?"

Rakut alilikunja upya jani la mgomba.

"Rakut, mdogo wangu. Kama kulikuwa na mtu wa tatu, yeye ndiye atakayekutoa humu. Umebakiwa na muda wa kuchemsha maharage."

"Hakukuwa na mtu wa tatu."

"Basi alikuwepo wa pili."

Rakut aliinua uso, kisha akaushusha haraka. "Kaka, niandikie unavyotaka. Nitatia sahihi."

"Nikuandikie umemuua mzee?"

"Niandikie sijui."

Tarigan alitoka. Watu wanaoficha hatia alikuwa amewaona wengi, nao huongea sana. Rakut aliongea kama mtu anayemfichia mwingine aibu.

*

Duka la Sutan lilipakana na mkahawa kwa ukuta wa mbao. Sutan alitoka Bukittinggi, huko kwa Waminang, na alikuwa ameishi Kabanjahe miaka mingi bila kuacha kuwashangaa watu wake.

"Inspekta, suruali hiyo inakuvuka. Iache hapa nikupunguzie kiuno."

"Nitabaki na nini mwilini?"

"Na heshima ya serikali."

"Hiyo nayo inavuka. Nirudie maneno uliyoyasikia. Usinifafanulie, nirudie tu."

Sutan alizima redio. "Alianza na neno moja sikulishika, cherehani ilikuwa inalia. Halafu akasema, 'Mwambie achague. Mchana unakwisha.' Alisema hivyo. Kidogo nikasikia kishindo nyuma, kisha Rakut akapita mbio."

"Hakusema 'chagua'?"

"Alisema 'mwambie achague'. Ndiyo maana nikamwambia Kamanda walikuwa watatu. Mmoja wa kusema, mmoja wa kuambiwa, mmoja wa kuchagua. Hata mtoto wa shule anaihesabu hiyo."

"Na hao wawili, sauti zao?"

"Wanaume wengine sikuwasikia. Alikuwepo mwanamke tu, jikoni, akiongea na sufuria yake."

Kalamu ya Tarigan ilisimama. "Hukumwambia Kamanda habari hiyo."

"Aliniuliza habari za wanaume. Mwanamke anayepika ni habari? 'Mwambie asubiri,' anasema, 'mwambie maji hayajachemka.' Wanawake wa kwenu, Inspekta, huongea na sufuria, na nguzo, na mbwa. Kwetu mwanamke akiwa na neno anamwambia mumewe, na mumewe anajuta."

Tarigan alifunga daftari. Sutan alikuwa mgeni, naye angesamehewa. Yeye Tarigan hakuwa na udhuru. Alizaliwa kilomita chache kutoka ukuta huu. Alikuwa amemwona baba yake akiuambia mlango kwamba chai imekwisha, ilhali mama wa mkewe ameketi hatua tatu tu kutoka hapo. Hiyo ndiyo rebu: mtu na mama mkwe wake hawasemezani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaketi mkeka mmoja. Akiwepo mtu wa kati, anapeleka maneno. Asipokuwepo, maneno hupewa nguzo. Na walipo wawili peke yao nyumbani bila mtu wa kati, heri mmoja atoke, hata kama nje kuna mvua.

"Mwambie achague." Aliyesema alikuwa mmoja, na aliyepaswa kuchagua alikuwa mmoja. Katikati yao ilikuwa nguzo. Polisi walikuwa wamemtafuta nguzo kwa siku mbili.

Maelezo ya mjane yalisema alikuwa bustanini akichuma mboga.

*

Mkahawa ulikuwa umefunguliwa nusu mlango kwa ajili ya msiba. Wazee wachache walikunywa kahawa nyeusi bila kelele za kawaida, lakini kimya hakikuwa kazi yao.

"Inspekta, mwachie huyo kijana acheze Jumapili," alisema mmoja. "Mkishindwa kumfunga, tutamfunga wenyewe akishindwa."

"Hatashindwa," alisema mwingine. "Karo-Kan ni mchezo wetu. Jina letu Wakaro limo."

"Karo ni sisi. Na Kan ni nani?"

"Shemeji yetu. Ndiyo maana anakuja nyuma amebeba mizigo."

Walicheka, kisha wakakumbuka wapo msibani, wakanywea. Mwenye kiti cha heshima, kwenye mkeka mpya ulioelekea mlango, hakucheka. Huyo alikuwa Batas Ginting, kaka wa mjane, mtu mrefu mwenye shali iliyokunjwa vizuri begani. Siku ya kwanza kabisa alikuwa amemuuliza Tarigan ukoo wa mama yake. Aliposikia ni Ginting, akamjulisha kwamba yeye basi ni mjomba wake, na mambo mengine yafuate hapo.

"Mpwa," alisema sasa, akakohoa, kikohozi kikavu chenye mkwaruzo mwishoni. "Majivu haya yataniua. Gari limekuja?"

"Bado, Mjomba."

"Likija, mtoeni kimya kimya. Dada yangu ameumia vya kutosha."

Tarigan alipita hadi chumba cha nyuma. Ukutani palikuwa na picha aliyopita mbele yake kila siku bila kuitazama: msichana mwenye nywele fupi, kikombe cha fedha mkononi, ubao mbele yake. Chini iliandikwa kwa wino uliofifia, Ukurta beru Ginting, mashindano ya wanafunzi, Sumatra Kaskazini. Mjane wa Ngukum alikuwa amecheza kabla hajaolewa. Baadaye alipika kahawa.

Aliketi kwenye kiti cha mwenye nyeupe. Mbele yake palikuwa na nafasi ya ubao, na baada ya ubao palikuwa na ukuta na kidirisha. Kiti cha pili hakikuwepo, wala pasingetosha. Polisi walidhani kimesogezwa katika vurumai. Alinyoosha mkono kupitia kidirishani kutoka upande wake, akaona jinsi mkono ungekuja kutoka upande wa pili, uweke kete, urudi. Baada ya hapo ungekuja mkono mwingine. Mikono isingekutana kamwe. Sataranji, alifikiri, ni mchezo ambao rebu haiwezi kuulaumu sana.

Aliingia jikoni. Mjane alikuwa akikata vitunguu vya msiba, mgongo wake ukielekea nguzo ya katikati, nyeusi kwa masizi ya miaka.

"Mama mdogo," alisema Tarigan. Alikuwa Ginting kama mama yake, jina lilijileta.

"Mwanangu. Umekonda. Kuna cimpa pale, kula."

Alitoa mfukoni bahasha ya kielelezo, akamweka yule askari mweupe juu ya kizingiti cha kidirisha.

"Alikutwa hapa."

"Aliviringika."

"Sajenti wangu naye alisema hivyo. Yeye hachezi."

Kisu kiliendelea. Tarigan alisubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Uchovu ulikuwa umemfundisha.

"Mweusi ana hatua ngapi pale?" aliuliza.

"Mbili."

"Akila kwa askari wa mfalme?"

"Nyumba ya mfalme inabaki imefungwa. Anakaa salama. Anakufa polepole, mwishoni kabisa, kete zikiwa chache."

"Na kwa askari wa farasi?"

"Nyumba inabaki wazi. Ngome inapata njia. Mtu anaweza kupigana." Alifuta macho kwa kiwiko, vilikuwa vitunguu, au havikuwa. "Zote mbili zinaharibu safu ya askari. Usiniulize kama najua kinachoharibika."

"Rakut hasemi. Anakufichia aibu. Mlikuwa wawili, hapakuwa na mtu wa kati. Kishindo kiliposikika, yeye akatoka kwa mlango wa chumba, wewe ukatokea bustanini, ili watu wasiwaone mkitoka nyumba moja."

Hakukana. "Jumapili anacheza. Mume wangu hakutaka kumsikiliza. Kijana alitaka kuona mwenye nyeusi anavyopumua katika njia ile, na aliyebaki kumwonyesha nilikuwa mimi."

"Basi sema. Rebu huoshwa. Kuku mmoja, wazee watano, maneno kidogo."

Mjane alicheka bila furaha. "Unadhani nimenyamaza kwa ajili ya kuku mmoja?"

"Kwa ajili ya nini, basi?"

"Dada!" Sauti ilitoka chumba cha mbele. "Maji!" Kisha kikohozi.

Kisu kilisimama juu ya kitunguu, na hakikushuka. Tarigan aliona bega la mama huyu likipanda kama la mtu anayesubiri kupigwa. Kikohozi kilipokwisha, bega lilishuka.

Akageuza macho kutoka begani hadi mlango wa uani. Ufagio wa njiti ulikuwa umeegemezwa pale, ncha zake bado na majivu ya kijivu.

Alikuwa ameambiwa asubuhi ile ile. Alikuwa ameambiwa macho yake yakiwa kwenye picha, na hakusikia. Ndugu wa mke anapoingia nyumba hii hutandikiwa mkeka mpya, huletewa maji, hupewa nyama ya kwanza. Wanaopika, wanaobeba, wanaofagia ni upande uliooa, anak beru. Waliotoa mke hukaa. Hata nyumba ikiungua, wao huombwa wasogee kwanza. Kwa maisha yake yote Tarigan hakuwahi kumwona mjomba wa mtu akishika ufagio katika nyumba ya shemeji yake. Na Batas aliushika siku ya damu, juu ya majivu mabichi ambayo yangehifadhi kila unyayo kutoka geti hadi tangi. Wagiman aliuona msaada. Kamanda aliona ujinga wa mzee. Mtu wa Kabanjahe angeona jambo lisilowezekana, lakini waliokimbilia uwanjani walikuwa wamembeba marehemu ndani, na walipotoka tena uwanja ulikuwa umeshakuwa safi, na ufagio umerudi mlangoni.

"Nani alifagia uwanja, Mama mdogo?"

Mjane aliweka kisu chini. Alipanguza mikono, akapeleka maji chumba cha mbele kwa mikono miwili kama inavyopasa, akarudi. Hakumtazama Tarigan. Aligeuka, akaielekea nguzo.

"Ewe nguzo," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie huyu mtoto. Mwambie mkono wangu ulikuwa hewani juu ya askari, sijaamua yupi. Nikasikia geti. Mume wangu akasema, 'Karibu, shemeji, lakini jibu langu ni lile lile. Shamba la michungwa la mama yenu halitauzwa kwa wenye hoteli nikiwa shahidi.' Aliyeingia hakujibu. Alikohoa. Halafu miguu, halafu tangi."

"Mashemeji ni wengi, nguzo," alisema Tarigan taratibu. "Kila Ginting ni shemeji wa Sembiring."

"Mwambie nimelala chumba kimoja na kikohozi hicho tangu sijaota meno."

Nje kuku walichakura majivu. Tarigan alihesabu kichwani alichonacho: sikio la mjane, ufagio, shamba ambalo bila mume wa dada kushuhudia haliuziki kimila. Kwa Kamanda ingekuwa hadithi, isipokuwa kama ingesemwa na kinywa chenye jina.

"Waliotoa mke ni mungu anayeonekana," alisema mjane kwa nguzo. "Nilifundishwa hivyo, nikawafundisha wanangu. Upande huu kuna mume wa binti yangu. Upande ule kuna tumbo lililonizaa. Na nyinyi polisi mnaniletea ubao."

"Nguzo itasema haya mbele ya hakimu?"

Maji yalichemka, yakamwagika motoni, hakuna aliyeyashughulikia.

"Nguzo haitembei," alisema mwishoni, na safari hii alimgeukia yeye. "Nitakwenda mimi."

Alimchukua yule askari mweupe kizingitini, akamrudisha ndani ya bahasha mwenyewe, akaikunja.

"Na huyo aliyeko kituoni, mwambie: askari wa farasi."

*

Chumba cha mbele wazee walikuwa wamerudi kwenye mabishano ya tembo na farasi. Tarigan aliinama mbele ya mkeka.

"Mjomba, naomba twende wote kituoni."

"Mimi? Nimekaa na wafiwa, mpwa."

"Nina swali moja tu. Jumanne, nani alikupa ufagio?"

Batas alifungua mdomo. "Uwanja ulikuwa mchafu."

Mzee aliyekuwa akichekea Karo na Kan aliteremsha kikombe chake polepole hadi kikagusa meza. Mmoja baada ya mwingine walimtazama Batas, kisha mikono yake, kama watu wanaoiona kwa mara ya kwanza.

"Wewe ulifagia?" aliuliza mzee. "Hapa? Kwa Ngukum?"

"Kulikuwa na majivu."

"Anak beru wote walikuwa wamekufa?"

Batas alikohoa, na kikohozi hakikumpa muda aliokitafuta. "Mpwa hamshiki mjomba wake," alisema. "Laana hiyo haina dawa."

"Najua, Mjomba. Nitaomba radhi nikipata likizo."

Alimfungulia mlango, akamwacha atangulie, kama mpwa anavyopaswa.

*

Gari la Medan lilifika likiwa limepauka kwa majivu. Kamanda aliuliza mara mbili kama ufagio ni ushahidi. Tarigan alimjibu kwamba ufagio ni sababu ya kuuliza. Ushahidi ni mjane, anaandika maelezo yake chumba cha pili, kwa mkono wake, na ameomba asikatizwe. Kamanda alikwenda kuusoma, akarudi hana swali la tatu. Dereva aliambiwa asubiri, asingeondoka mtupu.

Rakut alikuwa amesimama alipofunguliwa, akiwa ameshavaa viatu kwa safari.

"Kaa," alisema Tarigan. "Huendi Medan leo. Utakwenda Jumapili. Nina ujumbe wako."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa nguzo."

Rakut hakukaa.

"Inasema askari wa farasi."

Kijana alifumba macho. Tarigan aliona jinsi alivyokuwa akiutazama ubao ndani ya kope, kete kwa kete.

"Siku zote ilikuwa inaniambia askari wa mfalme," alisema Rakut. "Ukae salama, ilisema. Funga nyumba. Akila kwa yule mwingine, mfalme wake hana tena pa kujificha. Haifungiki tena nyumba ile, Kaka."

"Anajua."

"Amesema? Yote?"

"Yote. Na anakuja kuyarudia."

Rakut alielekea ukuta, akaweka paji la uso pale. Tarigan alimwacha. Alirudi chumba cha vielelezo, ambako kahawa ya asubuhi ilikuwa imefanya utando, akasimama mbele ya ubao. Kisha, bila glovu, alimwondoa farasi mweupe kwenye mraba wake, akamweka askari wa farasi mahali pake.

"Bwana!" alisema Wagiman mlangoni. "Kielelezo!"

"Piga picha nyingine," alisema Tarigan. "Nyeusi ameshacheza."